Chipu ya mbwa na paka: maswali tunayoulizwa kila wiki Arusha na Moshi

Mimi ni daktari wa mifugo. Kazi zangu nyingi ziko Arusha, na kila mwezi nashuka Moshi siku mbili tatu. Maswali haya naulizwa mezani mnyama akiwa ameshikwa, au usiku kwa simu baada ya mbwa kutoroka. Nimeyapanga kama yanavyonijia, si kwa ukubwa wake. Kama una haraka, ruka yote usome lile la namba ya simu, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri inapoharibikia.

Chipu yenyewe ni kitu gani?

Ni kidude kama punje ya mchele. Urefu wake ni milimita 12 na unene wake kama milimita 2. Iko pia ndogo zaidi, ya milimita 8, inayowafaa paka na vijibwa. Nje ni kioo maalumu kisichodhuru mwili, na ndani mna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Haina betri. Hukaa kimya chini ya ngozi miaka yote ya mnyama mpaka mtu apitishe skana juu yake. Skana ndiyo yenye nguvu: mawimbi yake ya redio yanaiamsha chipu kwa muda mfupi sana, nayo inajibu kwa kutaja namba yake yenye tarakimu 15.

Hiyo namba ndiyo yote iliyomo. Jina lako, simu yako na mtaa wako havimo. Hivyo vinakaa kwenye sajili, na namba ni ufunguo wa kufungulia sajili hiyo.

Wafugaji wa Monduli na Longido hawanisumbui kwenye swali hili. Mtu aliyekua akimtambua ng'ombe wake kwa mkato wa sikio na chapa ya ubavuni anaelewa upesi, hasa sasa ambapo amekwisha kuziona hereni za kielektroniki kwa ng'ombe. Wanachoniuliza ni kwa nini alama ifichwe. Ni swali la haki. Mkato wa sikio unaonekana na kila mtu, lakini chipu haionekani na yeyote asiye na skana, na jambo hilo lina matokeo yake. Nitalirudia huko chini.

Mbwa akipotea nitamwona kwenye simu yangu alipo?

Hapana. Skana inasoma chipu kwa umbali wa sentimita chache tu, pengine kumi hivi. Vile vifaa vya kuonyesha mnyama alipo huvaliwa shingoni, vina betri ya kuchajiwa na laini ya simu ndani yake, na mwizi anavivua kwa sekunde tano. Ni vitu viwili tofauti. Kuna watu wamewahi kuuziwa chipu kwa maneno kwamba "inafuatiliwa na setilaiti". Mtu akikuambia hivyo, ondoka hapo.

Inauma? Mnamlaza kwa dawa?

Sindano yake ni nene kuliko ya chanjo, sitakuficha. Lakini ni suala la sekunde mbili, na wanyama walio wengi hatuwalazi.

Kazi inakwenda hivi. Kwanza nampitisha skana mwili mzima, maana mbwa wengine wanakuja wakiwa na chipu tayari bila mwenyewe kujua. Kisha naisoma chipu mpya ikiwa bado ndani ya pakiti yake na kulinganisha namba na stika zilizokuja nayo, tarakimu kwa tarakimu, huku mwenye mbwa akinisomea kwa sauti. Msaidizi wangu anamshika kichwa na kumsemesha. Nausafisha mgongo kati ya mabega, nainua ngozi kwa vidole kama mtu anayeinua kitambaa mezani, sindano inaingia, nabonyeza, natoa, nakandamiza kwa kidole gumba. Halafu narudia skana. Mlio unatoka, namba inatokea kwenye kioo, na stika moja inabandikwa kwenye kadi ya chanjo pale pale.

Mbwa mkubwa wa kulinda geti mara nyingi hata hageuki. Paka hulalamika zaidi akishikwa kuliko akichomwa. Kama unampeleka mnyama kuhasiwa au kufungwa kizazi, basi subiri siku hiyo, tumwekee akiwa amelala.

Baada ya hapo usimwogeshe dawa ya kupe kwa siku mbili, na watoto wasimpapase pale mgongoni. Damu kidogo au kauvimbe ka siku moja si tatizo. Uvimbe unaokua au kutoa usaha, mlete.

Aanze akiwa na umri gani?

Wiki nane ni sawa kabisa. Watu wengi wanaona rahisi kumwekea siku ile ile ya chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa, akiwa na wiki 12. Mzee wa miaka kumi naye anawekewa. Hakuna umri wa kuchelewa.

Je, hii si ile alama ya 666?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na akina mama, na mara nyingi wakati wa kuaga. Nalijibu kwa heshima ile ile.

Ufunuo sura ya 13 inasema juu ya watu, mkono wa kuume au kipaji cha uso, na juu ya kununua na kuuza. Chipu hii haiwekwi kwa mtu. Haiwezi kununua wala kuuza kitu, na haina taarifa yoyote ya mwenye mbwa ndani yake. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha nchi au kiwanda kilichoitengeneza. Za nchi yetu, kwa viwango vya kimataifa, ni 834, ingawa chipu nyingi ninazozisoma hapa huanza na tarakimu za kiwanda, kuanzia 900 na kuendelea. Kama moyo wako bado hautulii, njoo na mchungaji wako au katekista. Nimekwisha kuwapokea wawili. Nawapa skana mkononi wasome wenyewe namba ya mbwa, na tunaongea.

Mmeniandikisha. Sasa kuna kazi nyingine kwangu?

Iko, na ndiyo kubwa kuliko ile ya sindano.

Mwaka 2009 Marekani ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wanyama wenye chipu zaidi ya 7,700 waliofikishwa kwenye vituo 53 vya kupokea wanyama. Mbwa wenye chipu waliorudi kwa wenyewe walikuwa 52 katika kila 100, wakati kwa mbwa wote waliookotwa ni 22 tu. Kwa paka tofauti ilitisha zaidi: 38 kwa wenye chipu, na kwa paka wote waliookotwa hawakufika hata 2. Lakini nilichokishika mimi ni sehemu nyingine ya utafiti huo. Walipoangalia kwa nini wenye baadhi ya wanyama hawakupatikana ingawa chipu ilikuwapo, sababu iliyoongoza ilikuwa namba ya simu isiyo sahihi au iliyokatwa. Zaidi ya theluthi moja.

Hiyo ni Marekani, ambako mtu anakaa na namba moja miaka mingi. Hapa kwetu mtu ana laini tatu, moja ya vifurushi, moja ya kutuma pesa, moja aliyoinunua baada ya simu kuibiwa pale stendi. Laini isipotumika muda mrefu kampuni inaifunga, na baadaye namba ile ile anauziwa mtu mwingine. Nimeketi na mbwa mezani, chipu imesomeka vizuri, sajili imefunguka vizuri, jina la mbwa ni Simba na rangi yake ni ile ile, halafu napiga simu na kuambiwa namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Napiga kesho, ni hivyo hivyo. Simba yule alikaa kwetu siku 23. Mwenyewe alikuja kupatikana Kijenge kwa bahati, kupitia fundi wa geti aliyemfahamu mbwa. Kumbe alikuwa amebadili laini miezi kumi nyuma, na hakuwahi kufikiria kwamba mbwa naye ana namba yake ya zamani.

Kwa hiyo nakuomba ufanye mambo haya, na nakuomba kwa moyo wangu wote.

Andikisha namba mbili, si moja. Ya kwanza yako. Ya pili iwe ya mtu asiyehamahama: mama, kaka mwenye duka, jirani wa miaka mingi. Ziandike kwa kuanza na +255, kwa kuwa huwezi kujua ataisoma nani na akiwa wapi.

Ukibadili laini, siku ile ile unapowaarifu ndugu, tuarifu na sisi. Ujumbe mfupi unatosha: jina la mbwa na namba mpya.

Na kila mwaka ukija kwenye chanjo, sema namba yako kwa mdomo. Usiseme "ni ile ile". Nikikuuliza mara ya pili usiudhike.

Namba inaandikwa kwenye sajili ipi?

Sisi tunaandika mahali pawili: kwenye daftari na kompyuta yetu hapa, na kwenye sajili ya kimataifa inayoendana na chipu. Unapewa karatasi yenye namba na jina la sajili hiyo. Itunze pamoja na kadi ya chanjo, na upige picha zote mbili uzihifadhi kwenye simu.

Kwa nini pawili? Kwa sababu sajili nazo hufa. Mwaka 2025 kampuni moja ya Marekani iliyokuwa na sajili ya wanyama iliacha kazi, na watu wakajikuta chipu za wanyama wao zinasomeka lakini hazina jina nyuma yake, ikabidi waandikishe upya kwingine. Chipu ilibaki nzima. Kilichopotea ni kile kitabu.

Kama uliwekewa kwingine na hukupewa karatasi yoyote, mlete mnyama tumsome, kisha tutafute namba hiyo pamoja mtandaoni. Mara nyingi sana naikuta haijaandikwa popote. Chipu ya namna hiyo haina tofauti na barua isiyo na anwani, lakini haihitaji sindano nyingine, inahitaji dakika kumi za kuandikisha.

Tunakwenda Moshi Desemba na mbwa wetu. Kuna la kufanya?

Asante kwa kuuliza kabla ya Desemba.

Kila mwaka kuanzia wiki ya Krismasi simu zangu za Moshi zinaongezeka. Familia zimepanda kutoka Dar es Salaam, zimefika Machame, Marangu, Kibosho, Rombo. Mbwa aliyezoea ukuta na geti la Mbezi anashushwa kwenye gari katikati ya migomba, ambako kuna vijia na mifereji na wala hakuna geti. Wageni wanaingia na kutoka, ndafu inachomwa, watoto wa ukoo mzima wanamkimbiza. Usiku wa mwaka mpya fataki zinalia. Asubuhi hayupo.

Na ubaya wake ni kwamba hajui pa kurudi. Mbwa wa pale pale kijijini akitishwa anarudi kwao jioni. Huyu wa Dar hana kwao pale. Anashuka na mteremko mpaka barabara ya lami, anaokotwa Himo au Kiboriloni na mtu mwema, na tarehe 4 Januari familia imekwisha kurudi mjini kazini.

Kabla ya safari hakikisha namba ya pili kwenye sajili ni ya mtu aliyeko mlimani: bibi, mjomba, au kijana anayeangalia nyumba. Mvishe mkanda wenye namba hiyo hiyo. Siku mbili za kwanza atembezwe kwa kamba, asifunguliwe. Na usiku wa fataki alale ndani, chumba chenye redio. Najua bibi hapendi mbwa ndani ya nyumba. Muombe usiku mmoja huo.

Mkanda wa nini tena kama ana chipu?

Hapa ndipo narudi kwa yule mfugaji wa Longido. Mtu atakayemwona mbwa wako kwanza ni dereva wa bodaboda, mama wa genge, au mlinzi wa jirani. Hana skana. Ana macho na simu. Akiona namba shingoni anapiga, na mambo yanaisha ndani ya saa moja. Nenda kwa mafundi wanaochonga mihuri na vibao mjini, wakuchongee kibati kidogo chenye namba tu. Usiandike jina la mbwa. Mwizi akilijua, mbwa anamfuata.

Na kuna lingine zito. Halmashauri zinapotangaza msako wa mbwa wanaozurura, mbwa asiye na mkanda anahesabiwa kuwa hana mwenyewe. Mwenye bunduki haioni chipu. Mbwa mwenye mkanda ana nafasi, mbwa mwenye chipu peke yake hana. Ningependa iwe vinginevyo, kwamba kila mbwa asomwe kabla ya kuguswa, na nikipata nafasi ya kulisema hilo kwenye vikao nalisema. Mpaka siku hiyo, mkanda uwe wa kwanza na chipu iwe ya pili, kwa ajili ya ile siku mkanda utakapokatika au kuvuliwa.

Na paka?

Paka mkanda unamkwama kwenye ua na mabati, hivyo kwake chipu ndiyo tegemeo. Kama utamvisha, tafuta ule unaofunguka wenyewe ukivutwa. Paka wa Arusha wana tabia ya kulelewa na nyumba tatu kwa majina matatu. Nimewahi kumsoma mmoja wa Sakina ambaye familia mbili ziliamini kwa dhati ni wao, na chipu ikaonyesha ni wa nyumba ya tatu. Walikubaliana vizuri. Lakini angalau sasa anachanjwa mara moja kwa mwaka, si mara mbili.

Skana ziko wapi?

Kliniki za wanyama za mijini zinazoweka chipu huwa nazo, pamoja na watu wanaookoa wanyama. Kwa afisa mifugo wa kata usitegemee kuikuta. Piga simu uulize kabla ya kumbeba mnyama. Skana iwe ya kusoma chipu za kiwango cha ISO, yaani za mawimbi ya kilohezi 134.2. Chipu za zamani za kilohezi 125, ambazo nyingi ziliingia na mbwa kutoka Marekani, skana nyingine hazizioni. Kwa hiyo skana moja ikikaa kimya usiseme upesi kwamba mbwa hana chipu. Mvue mkanda wa chuma, msogeze mbali na kompyuta, na mpitishe polepole: mabega, shingo pande zote, kifua, mpaka viwiko vya miguu ya mbele.

Kwa nini viwiko? Si mnaweka mgongoni?

Kwa sababu mara chache chipu huteleza chini ya ngozi kabla haijashika. Haimdhuru mnyama, ila humkosesha msomaji mvivu. Na madaktari wa nchi nyingi za Ulaya bara huweka upande wa kushoto wa shingo, si mgongoni.

Inaleta saratani?

Uvimbe wa saratani mahali pa chipu umewahi kuripotiwa, ni kweli, lakini ni nadra mno. Uingereza, ambako madaktari walikuwa wanakusanya ripoti za madhara tangu 1996, kwa zaidi ya miaka kumi na wanyama mamilioni ziliripotiwa kesi 2. Mimi mbwa wangu mwenyewe anayo.

Mbwa mwenye chipu bado anahitaji chanjo ya kichaa?

Ndiyo, na tafadhali usivichanganye. Chipu haikingi ugonjwa wowote. Lakini vinasaidiana kwa namna ambayo watu wengi hawaioni.

Mtoto wa miaka saba aling'atwa mguuni Pasua jioni moja. Vijana wakamkamata mbwa, wakamfunga kwenye mwembe, wakaanza kutafuta mawe. Mama mmoja akawaambia wasimuue kwanza, ajulikane ni wa nani. Nilikuwa Moshi siku hiyo, nikafika na skana. Mbwa alikuwa na chipu, namba ikafunguka, simu ikapokelewa mlio wa pili, na baada ya nusu saa mwenyewe alikuwa pale na kadi: amechanjwa miezi mitano iliyopita, stika ya chipu ile ile imebandikwa juu ya ukurasa. Kadi peke yake ingeweza kuwa ya mbwa yeyote. Stika ile ndiyo iliyofanya watu waiamini. Mbwa akafungiwa kwao na kuangaliwa siku 10, akabaki mzima.

Mtoto hakusubiri siku hizo 10, na hapa nataka nieleweke. Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akapelekwa hospitali usiku ule ule. Mbwa awe na chipu, awe na kadi, awe na mwenyewe unayemfahamu, aliyeng'atwa aende hospitali. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba inayomrudisha.

Tunahamia nje ya nchi. Mbwa anahitaji nini?

Anza kwa chipu. Kabla ya chanjo, si baada yake. Nimeona familia ya Njiro iliyokuwa na kadi nzuri ya miaka minne ya chanjo, yote ikahesabika bure kwa sababu chipu iliwekwa mwisho. Kwa macho ya afisa wa mpakani, chanjo iliyotangulia chipu haijulikani ilichomwa mbwa gani. Ilibidi waanze upya na kusogeza safari.

Kwa Umoja wa Ulaya, kutoka Tanzania, mpangilio ni huu: chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na umri usiopungua wiki 12, damu ichukuliwe si chini ya siku 30 baada ya chanjo, ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, na kinga ifike angalau 0.5 kwa kipimo chao. Halafu miezi 3 ya kungoja tangu siku ya kutoa damu. Uingereza inafuata karibu njia hiyo hiyo. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, kila mbwa anayeingia lazima awe na miezi 6 au zaidi na awe na chipu inayosomeka. Na kwa kuwa Tanzania imo kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, yako masharti mengine juu ya hayo.

Hesabu basi miezi mitano kabla ya siku ya ndege pale KIA, si minne. Sampuli za damu huchelewa njiani, vyeti hukosewa herufi. Siku ya kuchukua hati ya afya tunasoma chipu tena na kuandika namba mbele yako. Tarakimu moja ikipinduka, mbwa anabaki uwanja wa ndege.

Na ukifika huko, badilisha simu na anwani kwenye sajili. Uingereza kwenyewe chipu ni lazima kisheria kwa mbwa tangu 2016, na kwa paka wa England tangu Juni 2024, na taarifa zisizosasishwa zinaweza kukuletea faini.

Bei ni kiasi gani?

Bei inategemea chipu iliyonunuliwa na kama mnyama anakuja kwa jambo hilo tu au pamoja na chanjo. Tupigie tukutajie ya siku hiyo. Popote utakapokwenda, uliza kama bei inajumuisha kuandikishwa kwenye sajili, na kama sajili inadai ada ya kila mwaka. Chipu za bei chee sana zinazouzwa mtandaoni kwa mafungu ziogope: zipo zinazorudia namba, na mbwa wawili wenye namba moja ni sawa na kutokuwa na namba.

Nimenunua kijibwa, muuzaji anasema kina chipu.

Kisomwe kabla hujatoa pesa. Kisha muuzaji abadilishe jina kwenye sajili mbele yako, siku hiyo hiyo. Wiki moja baadaye hapokei simu.

Mtu amemchukua mbwa wangu na anadai ni wake. Chipu inatosha?

Inasaidia sana ila usiende nayo peke yake. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na karatasi ya chipu, kadi ya chanjo yenye stika, na picha za mbwa tangu akiwa mdogo. Omba mbwa asomwe mbele ya mashahidi. Kesi ninazozijua ziliishia hapo hapo ofisini kwa mtaa, kwa sababu ni vigumu mtu kubishana na namba inayotokea kwenye kioo mbele ya balozi na majirani.

Nimeokota mbwa, anaonekana ana kwao.

Mpe maji, mfunge mahali penye kivuli, usimwingize kwa mbwa wako. Piga picha. Waulize bodaboda wa kijiwe cha karibu, wanawajua mbwa kuliko mtu yeyote. Kisha mlete asomwe; kusoma chipu kwetu ni bure na itabaki bure. Usimtangaze na kila alama yake mtandaoni. Acha moja usiyoitaja, kama kovu au kucha nyeupe, umwulize anayekuja kumdai.

Akigongwa akafa barabarani, chipu inafaa nini?

Inasomeka hata mnyama akiwa amekufa. Mwaka jana kijana wa gereji Usa River alinipigia kuhusu mbwa aliyelala kando ya lami, njia ya Moshi. Nilipita jioni nikitoka kazini. Alikuwa mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe, mkanda hana. Skana ikalia. Simu ilipokelewa na mzee wa Tengeru ambaye alikuwa amemtafuta siku tisa, kwa miguu, mpaka Kikatiti. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Daktari, una uhakika?" Nikamsomea namba, naye akaifuata kwenye karatasi yake, tarakimu kwa tarakimu, zote 15. Akaja na mjukuu wake, shuka na toroli, wakamchukua wakamzike nyumbani.

Ukimwona mnyama amelala hivyo kando ya njia, na pana usalama wa kusimama, tupigie. Tutakuja na skana.